Mhariri wa Filamu Naye ni Mtunzi

Tunapojadili filamu za matukio halisi, sifa aghalabu humwendea mwongozaji na mpiga picha. Mhariri hutajwa mwisho, kana kwamba kazi yake ni kukata na kuunga tu. Mimi nikiwa mwalimu wa isimu, naiona dhana hiyo kuwa potofu. Maneno hayawi sentensi mpaka yapangwe. Picha nazo ni vivyo hivyo. Anayezipanga ndiye anayezipa maana.

Tumtazame Esfir Shub, mhariri wa Urusi ya Kisovieti. Mwaka wa 1927 alitoa filamu kuhusu kuanguka kwa ukoo wa kifalme wa Romanov, akitumia hasa kanda za kale, zikiwemo zilizopigwa na wapiga picha wa mfalme mwenyewe. Mabwana na mabibi wanacheza dansi melini hadi jasho linawatoka; mara twaonyeshwa wanyonge wakitokwa jasho la kazi. Picha zilizokusudiwa kumtukuza mfalme ziligeuka mashtaka dhidi yake. Hazikubadilika zenyewe, ila zilibadilishiwa jirani.

Nchini Marekani, ndugu Albert na David Maysles walimtambua mhariri Charlotte Zwerin kuwa mwongozaji mwenzao katika filamu Salesman ya mwaka wa 1969, inayowahusu wachuuzi wanne wa Biblia. Ilikuwa katika chumba cha uhariri ambapo ilibainika kwamba kisa chenyewe hasa kilikuwa cha mchuuzi mmoja, yule aliyekuwa akishindwa kuuza. Heshima hiyo ilimstahili.

Hata hivyo, uwezo huu una hatari zake. Mwanakijiji akisema, "Kisima tulichimbiwa, lakini hakina maji," na mhariri akakata kabla ya "lakini", hatakuwa ameongeza neno hata moja, ila atakuwa amesema uongo. Hatari huzidi pale mhariri asipoielewa lugha ya msemaji, kwani hukata penye pumzi akidhani ndipo penye nukta.

Kwa hivyo, nawasihi walimu wanaowaandaa wanafunzi kwa Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu: yapeni makundi mawili picha zile zile, kila kundi lizipange kivyake, kisha darasa lijadili ni kwa nini visa viwili vimezaliwa. Zoezi hilo litawafaa hata wasiokusudia kutengeneza filamu, maana kila siku wanatazama katika simu zao picha zilizokatwa na watu wasiowajua.

Nanyi wanafunzi mnaoitamani kazi hii, msidhani kwamba kuimudu programu ya kompyuta kunatosha. Someni lugha, someni historia, na mjifunze kumsikiliza mtu hadi amalize kauli yake. Nasi walimu tuanze kumtaja mhariri kwa jina darasani, tumsifu anapostahili, na tuulize ni nini alichokiacha nje ya filamu yake.