Mtoto wa 30 Yumo Pau Ipi?

Mama mmoja alisimama kwenye kikao cha wazazi, akanyoosha kidole ukutani ambako projekta ilikuwa inaonyesha matokeo ya somo moja la mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne. "Samahani mwalimu, mwanangu kapata 30. Yumo kwenye pau ipi?" Mwalimu wa taaluma akaitazama histogramu. Nasi tukaitazama. Kwenye mhimili wa chini palikuwa na 20, 40, 60 na 80, basi. Hakuna aliyeweza kumjibu, na ukumbini mle hakuna aliyestahili jibu kuliko yeye, maana 30 ndipo D inapoanzia. Ukipata 29, ni F.

Nasema waziwazi: aliyeuleta mchoro ule mbele ya wazazi alikuwa hajamaliza kazi. Wala asiniambie kwamba programu ndiyo iliyopanga hivyo. Niliomba faili la alama, nikakaa nalo usiku. Alama ya chini ni 7, ya juu ni 94. Matplotlib, programu iliyouchora mchoro ule, usipoiambia kitu hugawa nafasi hiyo mafungu 10 yaliyo sawa, kwa hiyo kila pau ilikuwa na upana wa 8.7. Pau ya tatu ilianzia 24.4 ikaishia 33.1. Humo mna aliyefeli kwa 25 na aliyepata D kwa 33, wamefungwa pamoja kama mzigo wa kuni! Ya tano imechanganya D na C, ya saba C na B, ya nane B na A. Mipaka yote minne ya madaraja ya Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani 30, 45, 65 na 75, imezikwa ndani ya pau. Juu ya hayo, programu ikachagua namba kamili za kuandika kwenye mhimili, na hakuna hata moja kati yake iliyoangukia kwenye ukingo wa pau.

Namba zile za chini si mapambo. Ndizo zinazomwambia msomaji pau inaanza wapi na inaishia wapi. Zikikaa mahali pasipohusika, msomaji anabaki kukisia, na mzazi hakuja shuleni kukisia.

Wapo wanaofanya vibaya zaidi. Wanaona namba hazifai, basi wanabandika F, D, C, B, A kwa amri ya Matplotlib iitwayo set_xticklabels bila kwanza kuvihamisha vistari vyenyewe vya mhimili. Herufi zinatua popote palipokuwa na kistari. D inaweza kusimama kwenye 20, mahali ambapo mtoto amefeli. Programu hutoa onyo kuhusu jambo hilo, nao hulipita kana kwamba halikuandikwa. Huko ni kudanganya watu, hata kama hukukusudia.

Njia sahihi haina ugumu wowote. Unaitajia programu mipaka ya pau: 0, 30, 45, 65, 75, 100. Unaweka vistari hapo hapo, kila namba chini ya ukingo wake. Ukitaka na herufi, ziweke katikati ya pau: F kwenye 15, D kwenye 37.5, C kwenye 55, B kwenye 70, A kwenye 87.5. Na kwa kuwa pau sasa hazilingani upana (C ina 20, B ina 10), usichore idadi ya watoto kama ilivyo, maana pau pana itavimba kuliko haki yake. Iambie ichore msongamano, ili eneo la pau ndilo libebe idadi. R, programu nyingine ya takwimu, hufanya hivyo yenyewe ikiona upana wa pau haulingani, na kwa hilo naisifu.

Lakini R hiyohiyo ina mtego ambao kila mwalimu wa takwimu angepaswa kuufundisha siku ya kwanza. Ukiiachia, huhesabu alama iliyo mpakani upande wa kushoto. Matplotlib huipeleka kulia. Kwa mipaka ileile na namba zilezile chini ya mhimili, mtoto wa 30 anahesabiwa D huku na F kule! Kwenye R ni lazima uandike right=FALSE ili 30 ihesabiwe D. Lebo inasomeka 30 kwenye michoro yote miwili, na mtazamaji hana namna ya kujua kuwa mtoto amehamishwa. Ndiyo maana nataka chini ya kila histogramu ya matokeo paandikwe: 30 imo ndani ya D.

Nilichora upya usiku uleule, mistari michache tu. Mwana wa yule mama yupo pau ya pili, kwenye ukingo wake wa kushoto kabisa, amegusa mstari wa F. Mama yake alistahili kuliona hilo pale ukutani, wakati mtihani wa taifa ulikuwa bado haujafika.