Lubudi: Kobalti ikiyumba, mama wa nyumba ndiye anayepiga hesabu

Tangu tarehe 16 Oktoba 2025, kobalti ya Kongo inatoka nchini kwa mgao. Serikali ya Kinshasa iliruhusu tani 18,125 kwa muda uliobaki wa mwaka 2025, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026. Kabla ya hapo, tangu Februari 2025, uuzaji wa madini hayo nje ulikuwa umesimamishwa kabisa. Hoja ilikuwa wazi: nchi inayotoa zaidi ya thuluthi mbili za kobalti ya dunia haiwezi kuendelea kuiuza kwa bei ya kutupa. Na kweli, bei ikapanda.

Wachambuzi wengi wamelitazama jambo hilo kwa macho ya wafanyabiashara wa London na viwanda vya betri vya China. Kuna meza nyingine ambako uamuzi huo unahesabiwa kila jioni: jikoni kwa mama wa nyumba wa Lubudi.

Lubudi ni moja ya teritwari tano za jimbo la Lualaba. Ndani yake kuna Tenke na Fungurume, kwenye moja ya hazina kubwa za shaba na kobalti duniani, inayochimbwa na kampuni ya CMOC ya China tangu mwaka 2016. Lubudi yenyewe ni mji mdogo wa saruji na wa reli, kwenye njia ya treni inayopanda kuelekea Kamina. Kote humo, nyumba nyingi zimejengwa juu ya mpango uleule: baba anatoka kutafuta, mama anabaki kupanga. Baba anaweza kuwa mwajiriwa wa mgodi, kibarua wa kampuni ndogo inayofanya kazi chini ya mgodi, dereva wa lori au mchimbaji wa mikono. Mkataba usiporudiwa, au mnunuzi akishusha bei ya gunia la mawe, mama haitwi kwenye kikao kuelezwa. Anajua tu siku ambayo pesa ya chakula imepungua.

Cheo kilichoundwa na kampuni

Kwenye karatasi za shule na za hospitali, mbele ya neno "kazi", wanawake hawa huandikwa "mama wa nyumba", na mara nyingi msomaji wa karatasi huelewa kwamba hana kazi. Inafaa kukumbuka kwamba huku kwenye ukanda wa shaba, mama wa nyumba wa namna hii ni matokeo ya sera.

Kijijini mwanamke alikuwa mkulima. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906, ndiyo iliyobadilisha mambo ilipoamua, katika miaka ya 1920, kwamba ni nafuu kumweka mfanyakazi kambini pamoja na mke na watoto kuliko kuajiri vijana wapya kila mara. Mume akapewa nyumba, matibabu na posho ya unga kulingana na ukubwa wa familia. Mke akafundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba kwa namna ambayo kampuni ililipenda. Kujiendeleza kulikuwa na maana moja tu: kuwa mke mzuri wa mfanyakazi mzuri.

Baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967 na kuwa Gécamines, mpango huo uliendelea. Kisha ukavunjika. Mgodi wa Kamoto, pale Kolwezi, uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakosekana miezi na miezi. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa malipo ya mkupuo katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Katika miaka hiyo, wengi waliozilisha familia za wafanyakazi ni wale walioandikwa kuwa hawana kazi: mama zetu waliorudi shambani, waliouza unga kwa kipimo, mafuta kwa kikombe na makala kwa fungu.

Somo la kipindi hicho halijazeeka. Posho ya unga haipo tena, nyumba ya kampuni haipo kwa walio wengi, lakini nyumba bado inategemea mshahara mmoja unaofuata bei ya madini. Kilichopungua ni kinga. Kilichobaki ni hesabu za mama.

Kinachopunguzika na kisichopunguzika

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Baba analeta dola 100. Dola moja ilipokuwa faranga 2,800, hizo zilikuwa faranga 280,000. Mwishoni mwa mwaka 2025 faranga ilipanda thamani ghafla na dola ikashuka chini ya 2,500. Ikibadilishwa kwa 2,400, dola 100 zilezile zinatoa faranga 240,000. Sokoni, bei ya unga, sabuni na samaki wa thomson haikushuka kwa kasi ileile. Faranga 40,000 zimetoweka bila mtu yeyote kufanya kosa. Faranga yenye nguvu ni habari njema kwa nchi, lakini nyumba inayopokea dola na kununua kwa faranga iliionja kwanza kama hasara.

Mama anaanza kupunguza. Nyama inaondoka mapema, inabaki kwa sikukuu. Makayabo yanafuata. Sombe na matembele vinapanda cheo. Mavazi mapya yanangoja. Bukari, hata hivyo, haipunguziki sana: watoto sita wanakula kile wanachokula. Na unga wa Lualaba una bei ambayo haiamuliwi Lualaba. Sehemu kubwa ya mahindi inatoka Zambia na kwingineko kusini, ikipitia Kasumbalesa. Mwaka 2023 bei ya unga ilipanda sana huku Katanga yote ikilalamika. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia, na Agosti mwaka huo mpaka ukafungwa siku kadhaa kwa sababu ya mzozo wa kibiashara. Serikali inajua udhaifu huu tangu zamani: Moïse Katumbi, alipokuwa gavana wa Katanga kati ya 2007 na 2015, aliyataka makampuni ya madini yalime hekta 500 za mahindi kila moja. Bado tunasubiri malori ya mpakani.

Makala nayo hayapunguziki. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, kwenye mto Lualaba, yalijengwa miaka ya 1950 ili kulisha migodi. Nyumba nyingi zilizo jirani na nyaya hizo zinapikia mbabula. Mama anaweza kuloweka maharage usiku ili yaive upesi, anaweza kupikia mara moja chakula cha milo miwili, anaweza kufunika sufuria vizuri. Akishafanya yote hayo, bado makala yanaisha.

Hapa ndipo mashauri mengi kwa wanawake yanapokosea. Redioni, kanisani na kwenye semina, mama anaambiwa ajifunze kubana matumizi. Amekwisha kubana. Mwenye faranga chache anajua bei ya kila kitu kuliko anayemshauri. Anachokosa ni namna ya kukifanya kile alichobana kigeuke mali, badala ya kumezwa na pengo la mwezi unaofuata.

Likelemba ina majira yake

Njia ya kwanza iko mikononi mwa wanawake wenyewe, nayo ni likelemba. Akina mama kumi wanatoa kiasi kilekile kila juma, na kila juma mmoja anabeba chote. Haitaki karatasi, haitaki dhamana, inataka kuaminiana. Wengine huweka akiba ya kadi: mtunzaji anapita kila siku, anaandika, na mwisho wa mwezi anabaki na malipo ya siku moja kama ujira wake. Kuna pia vikundi vya akiba na mkopo, ambavyo Watanzania huviita VICOBA, ambako pesa hukopeshwa wanachama kwa riba ndogo na faida hugawanywa mwisho wa mwaka.

Likelemba haizalishi riba, na faranga ikishuka thamani, anayebeba wa mwisho anabeba pungufu. Nguvu yake iko kwenye majira. Mvua huku zinaanza karibu na Oktoba na kwisha Aprili. Mahindi mapya yanaingia Aprili na Mei, na hapo ndipo bei inapopoa. Kati ya Desemba na Machi, ghala zikiwa tupu, inapanda. Anayeomba zamu yake iangukie Mei ananunua magunia ya miezi mibaya kwa bei nzuri, mradi awe na pahali pakavu na ayakinge na fukusi. Anayeomba zamu ya Agosti anajiandaa kwa Septemba, shule zinapofunguliwa. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini madaftari, viatu na gharama za sekondari bado vinasubiri mzazi. Anayebeba zamu yake kwa tarehe iliyotokea tu, mara nyingi huilipia deni.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa bei za ukanda huu, inabidi kuuliza pia kibaba kinajazwa mwezi gani.

Kujiendeleza kwa ajili ya nani?

Mafunzo ya wanawake hayajakosekana huku. Kushona, kutengeneza sabuni, kuoka mikate: karibu kila mradi wa maendeleo una cherehani zake. Kushona ni kazi ya heshima. Tatizo linaanza pale wanawake thelathini wa mtaa mmoja wanapofundishwa jambo lilelile, kisha kila mmoja anamshonea jirani ambaye naye ni fundi. Elimu inayokosekana zaidi haina picha nzuri ya kupiga siku ya kufunga semina: kusoma mkataba, kutunza daftari la mauzo, kujua sheria.

Sheria ya ndoa inatosha kuwa mfano. Chini ya Kodi ya Familia ya mwaka 1987, mke alihitaji ruhusa ya mumewe ili afunge mkataba. Sheria ya Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Isitoshe, wanandoa wasipochagua utaratibu mwingine, mali waliyoipata ndani ya ndoa ni yao wote wawili. Lakini ulinzi huo unategemea ndoa iliyoandikishwa kwa ofisa wa serikali. Mahari iliyolipwa mbele ya wazee na misa iliyosomwa kanisani, bila karatasi hiyo, huwaacha wajane wengi wakibishana na ndugu wa marehemu juu ya kiwanja walichokinunua kwa akiba ya likelemba. Kuandikisha ndoa, na kudai jina la mama liwemo kwenye hati ya kiwanja, ni akiba kubwa kuliko nyama ya mwaka mzima.

Meza ambayo mama hajaitwa

Akiba ya jikoni ina kikomo, na hapo ndipo siasa inapoanza. Kodi ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii, na inaipa serikali ya eneo lenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha. Kampuni zinapaswa pia kukubaliana na wenyeji juu ya kazi zitakazofanywa. Kwa teritwari iliyo na Tenke na Fungurume, hizo si pesa ndogo.

Swali ni nani anayepanga. Kikao kikijaa machifu, wakubwa na vijana wa kiume, orodha huelekea kwenye majengo na magari. Akina mama wakiwemo kwa idadi inayosikika, zitaingia pia ghala la mahindi la mtaa, kisima, umeme wa nyumbani, na ofisa wa kuandikisha ndoa anayezunguka vijijini. Ni vitu vidogo kwenye bajeti ya mgodi, lakini kila kimoja kinaondoa mzigo ambao leo unabebwa na faranga za chakula.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi za nyumbani na za malezi zisizolipwa duniani. Takwimu za uchumi wa taifa haziihesabu kazi hiyo. Lualaba inapima tani za kobalti hadi ile ya mwisho, na tani zikipungua, mama anaitwa kimyakimya kuziba pengo. Kama uchumi wa jimbo unamtegemea kiasi hicho, basi kikao kijacho cha kugawa pesa za mgodi kianze kwa kusikiliza hesabu zake za jioni.