*TAMKO LA TAWI KUHUSU JKT YA LAZIMA: SHERIA IMBANE KIJANA, IIBANE NA SERIKALI*

Ndugu wanachama,

Wiki hii mjadala wa JKT umewaka kwenye kundi letu. Wapo walioandika kwamba vijana wote wapelekwe kambini kwa lazima, wakianzia na wale wa vijiweni. Wapo wazazi waliojibu kwa uchungu kwamba mtoto amesoma miaka 13, sasa ni wakati wa chuo na kazi, si wakati wa kukimbizwa mchakamchaka alfajiri. Kamati ya Tawi imeketi, ikasikiliza pande zote, na huu ndio msimamo tunaoupendekeza kwenu kabla haujapelekwa Kata. Ni mrefu kidogo, tunaomba msome hadi mwisho.

*Kwa kifupi:* Tunaunga mkono JKT kwa mujibu wa sheria. Hatuungi mkono kuipanua kwa vijana wote kabla makambi, bajeti na stadi za kazi havijawa tayari. Sheria inayomlazimisha kijana lazima imlazimishe pia aliyemwita.

*1. Tulikotoka*

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, Taifa likiwa changa, na vijana wa mwanzo waliingia kwa kujitolea. Mwaka 1966 ndipo sheria ilipowabana wasomi: miezi kadhaa kambini, kisha muda uliobaki wawe kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba mwaka huo hadi Ikulu. Mwalimu aliwarudisha nyumbani.

Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba siku hiyohiyo Mwalimu alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wa viongozi wengine wakubwa pia ukapunguzwa. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Unaweza kukubali au kukataa adhabu waliyopewa wanafunzi wale, na hata katika Kamati hatukuwa na kauli moja juu ya hilo. Lakini aliyewadai vijana wajinyime alianza kujinyima yeye.

Utaratibu wa lazima ulisimama mwaka 1994. Sababu ilikuwa fedha. Makambi yalikuwepo, sheria ilikuwepo, vijana walikuwepo. Kilichokosekana ni uwezo wa kuwalisha na kuwavisha. Uliporejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, baadhi ya wabunge vijana nao waliingia kambini. Hilo tulilipenda. Hata hivyo, kwa miaka mingi tangu hapo wameitwa baadhi tu ya wahitimu, kwa kuwa nafasi hazikutosha wote.

*2. Faida tunazoziona*

Hatuandiki haya kuibeza JKT. Tuna vijana hapahapa tawini waliopita Oljoro, Mafinga, Ruvu na Bulombora, na tumewaona walivyorudi.

Kwanza, kambi huchanganya watu. Mtoto wa Mtwara analala bweni moja na mtoto wa Kagera. Aliyesoma shule ya kulipia anashika jembe pamoja na aliyesoma shule ya kata. Siku hizi kuna watoto wanaofika chuo kikuu bila kuwahi kula sahani moja na mtu wa kabila, dini au kipato tofauti na chao. Miezi mitatu ya kambini inatibu sehemu ya hilo.

Pili, kijana anajifunza kwamba Taifa ni kazi. Ukuta wa Mirerani wenye urefu wa kilomita 24.5 ulijengwa kwa nguvu za vijana wa JKT na kuzinduliwa mwaka 2018. Aliyebeba jiwe pale hahitaji semina ya kumweleza rasilimali za nchi ni mali ya nani.

Tatu ni ukakamavu, yaani kuamka kwa saa, kutunza zana, kusubiri zamu na kumaliza ulichoanza. Waajiri wengi wanalalamika kwamba hayo ndiyo yanayokosekana.

*3. Hesabu ambayo mjadala wetu umeiruka*

Wanaosema "wapelekwe wote" tunawaomba wachukue kalamu.

Kuruta mmoja anakula milo mitatu kwa siku. Kwa siku 90 ni milo 270. Wahitimu wa kidato cha sita sasa wanazidi 100,000 kwa mwaka. Zidisha: ni milo milioni 27 kwa kundi hilo peke yake. Watahiniwa wa kidato cha nne wanazidi 500,000. Nao wakiitwa, ongeza milo milioni 135. Hapo hatujaweka godoro, sare, maji, choo, dawa ya malaria, wala posho ya mkufunzi.

Si kwamba haiwezekani. Nchi inaweza kuamua kulipia jambo inalolitaka. Lakini jambo lisilo na fungu kwenye bajeti ni hotuba tu, na tayari tumeonyeshwa mwaka 1994 mwisho wa hotuba za namna hiyo. Kambi iliyojazwa kupita uwezo wake haitoi uzalendo. Inatoa kuhara, wizi wa mablanketi na vijana wanaorudi nyumbani wakiichukia Serikali.

Kuna hesabu nyingine iliyo mfukoni mwa mzazi. Anayeitwa anatakiwa kwenda na bukta ya bluu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili, soksi nyeusi, suti ya michezo, nguo za baridi kama kambi iko nyanda za juu, pamoja na nauli. Mzazi mwenye mshahara analalamika kidogo, kisha ananunua. Mama lishe mwenye watoto wanne anakopa kwenye kikoba. Ikiwa wito ni wa lazima, vifaa navyo viwe juu ya aliyeita.

*4. Nani anaachwa*

Hapa ndipo penye uzito kwa tawi letu. Utaratibu wa lazima wa sasa unamgusa kijana aliyefika kidato cha sita, yaani yule ambaye tayari ana njia ya kwenda chuo. Aliyeishia darasa la saba au kidato cha nne, ambaye yuko kwenye bodaboda ya kukodi au anabeba mizigo sokoni, hana wito. Mlango wake ni wa kujitolea, na hapo waombaji ni wengi kuliko nafasi.

Na anapoupata mlango huo, anaingia akitafuta nini? Tuseme ukweli: ajira jeshini. JKT kwenye matangazo yake inasema wazi kwamba haitoi ajira wala haihusiki kumtafutia kijana ajira, bali inamwandaa kujiajiri. Lakini matangazo ya nafasi za JWTZ nayo yanadai cheti cha JKT. Kijana anasoma matangazo yote mawili na kuchagua kuliamini lile linalompa tumaini. Mwaka 2021 vijana 854 waliondolewa makambini baada ya kugoma wakidai ajira. Hatutetei mgomo ndani ya jeshi, kwani jeshi bila utii si jeshi. Tunachosema ni kwamba mafunzo ya uzalendo yakigeuka foleni ya ajira, siku foleni isiposogea uzalendo nao unaondoka.

*5. Je, ni shuruti?*

Mwanachama mmoja aliuliza kama kumlazimisha kijana si kuvunja haki zake. Ni swali halali na halipaswi kujibiwa kwa kejeli, kama ilivyotokea kwenye kundi.

Ibara ya 25 ya Katiba yetu inakataza kazi ya shuruti, kisha inataja kazi zisizohesabiwa kuwa shuruti, zikiwemo juhudi za lazima za ujenzi wa Taifa zilizowekwa kwa sheria. Kwa hiyo Katiba inaruhusu. Lakini kuruhusiwa hakutoshi, inategemea mwito wenyewe umewekewa mipaka gani.

Tazameni Eritrea. Sheria yao ya mwaka 1995 iliweka utumishi wa miezi 18. Baada ya vita vya 1998 na Ethiopia, muda ukawa hauna mwisho, na maelfu ya vijana wameikimbia nchi wakihofia kutumikia hadi mvi ziwaote. Nigeria nayo, tangu mwaka 1973, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, inawapeleka wahitimu wa vyuo kutumikia mwaka mmoja, kwa kawaida katika majimbo yasiyo ya kwao. Utaratibu huo una matatizo yake, lakini kijana anajua siku ya kuingia na siku ya kutoka. Lazima yenye mwisho ni wajibu. Lazima isiyo na mwisho ni kifungo.

*6. Mapendekezo yetu kwa Kata*

*Moja:* Muda wa kambi uwekwe ndani ya sheria, usiongezwe kwa tangazo, na usigongane na udahili wa vyuo.

*Mbili:* Idadi ya wanaoitwa kila mwaka ilingane na nafasi zilizolipiwa. Bajeti ya chakula, malazi na tiba isomwe Bungeni kama fungu linalojitegemea, ili wananchi waione.

*Tatu:* Vifaa na nauli vitolewe na Serikali, au angalau kwa watoto wa kaya maskini.

*Nne:* Kabla ya kuwalazimisha vijana wengi zaidi, ziongezwe nafasi za kujitolea kwa walioishia darasa la saba na kidato cha nne. Kila mmoja atoke na stadi moja yenye cheti kinachotambuliwa na VETA: uashi, ushonaji, ufundi magari, ufugaji.

*Tano:* Kijana aelezwe kwa maandishi, kabla hajapanda basi, kwamba mafunzo si ahadi ya ajira.

*Sita:* Pawe na njia ya kupeleka malalamiko nje ya kambi, hasa kwa mabinti, bila kupitia kwa afande anayelalamikiwa.

*Saba:* Watoto wa viongozi waende kama wengine. Msamaha wa ugonjwa uthibitishwe na daktari wa hospitali ya umma, si kwa simu.

*Ndugu wanachama,*

Wapo watakaosema tumeweka masharti mengi mno kwa jambo la uzalendo. Sisi tunaona masharti ndiyo yanayolilinda. Mzazi anayemkabidhi Taifa mtoto wake kwa miezi mitatu anatoa amana, na amana huandikiwa hati.

Kikao cha kupitisha au kurekebisha tamko hili ni *Jumapili, saa 9 alasiri, ofisi ya Tawi*. Kila shina lije na wajumbe wake, na tunaomba kila shina lije na angalau kijana mmoja chini ya miaka 25. Haifai kuwajadili wao wakiwa hawapo. Mwenye hoja tofauti aje nayo. Akishindwa kufika aiandike na kumtumia Katibu, nayo itasomwa kikaoni kama ilivyo.

Tafadhali msipeleke tamko hili kwenye makundi mengine hadi kikao kilipitishe.

Kwa niaba ya Kamati ya Tawi,
*Katibu wa Tawi*