Kanuni Isiyo na Sababu

Msomaji, hapana shaka umepata kufundishwa kugawanya sehemu kwa sehemu. Uliambiwa: igeuze sehemu ya pili juu chini, kisha zidisha. Ukafanya hivyo, ukapata jibu, ukatiwa alama ya sahihi kwa wino mwekundu. Sasa nakuuliza, wala sikuulizi kwa kukudharau: kwa nini igeuzwe? Kwa nini ya pili, isiwe ya kwanza? Na kazi tuliyoambiwa ni kugawanya imekuwaje kuzidisha? Kama huna jibu usione haya, kwa maana mimi nilimaliza kidato cha pili sina. Siku moja niliinua mkono nikamwuliza mwalimu wetu sababu. Alinitazama kitambo, akasema, "Hilo haliulizwi katika mtihani. Keti." Darasa likacheka, nikaketi, na kwa muda wa miaka miwili sikuuliza tena swali la namna hiyo.

Nasema waziwazi kwamba kanuni ifundishwayo bila sababu yake si hesabu. Ni uganga. Mganga hutamka maneno yake kwa taratibu asiyoielewa mgonjwa, na mgonjwa hutakiwa kuamini tu. Neno moja likisahauliwa, dawa yote imeharibika. Ndivyo walivyo vijana wetu wengi mbele ya ubao. Wanakariri leo, wanasahau kesho, kisha wanajihukumu kwa maneno mazito kuliko kosa lenyewe: "Kichwa changu si cha hesabu." Hasha! Kichwa ni kizima. Kilinyimwa chakula, kikapewa maganda.

Twende jikoni tuone. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa pishi na kibaba, na pishi moja ni vibaba vinne. Tuseme nyumbani mna pishi tatu za mchele, na kila siku hupikwa kibaba kimoja, yaani robo ya pishi. Mchele utatosha siku ngapi? Mtoto ambaye hajaingia shule atakujibu: pishi moja ni siku nne, basi pishi tatu ni siku 12. Angalia alichofanya mtoto huyo. Amegawanya 3 kwa robo, naye amezidisha kwa 4. Hakupindua kitu chochote; amehesabu vibaba. Sasa waje wageni, na mapishi yawe vibaba vitatu kwa siku, yaani robo tatu za pishi. Vibaba vilivyomo ni vile vile 12, lakini sasa vinaondoka vitatu vitatu, basi ni siku 4. Tumezidisha kwa 4 ili tupate vibaba, tukagawanya kwa 3 kwa sababu ndivyo vinavyoliwa kila siku. Nne juu, tatu chini: ndiyo ile sehemu iliyopinduliwa! Kumbe haikupinduliwa kwa amri ya mtu. Ilijipindua yenyewe katika chungu cha mchele.

Maelezo hayo hayazidi dakika kumi. Aliyeyaelewa akisahau kanuni ataiunda upya mwenyewe, hata akiwa peke yake katika chumba cha mtihani. Aliyekariri akisahau, hana pa kwenda.

Najua watakaonipinga. Watasema: muda hautoshi, mtaala ni mrefu, madarasa yamejaa. Katika hayo kuna kweli, wala sitawadhulumu walimu. Tangu ada ya masomo ya sekondari ya kutwa ilipoondolewa nchini Kenya mwaka 2008, na zaidi tangu serikali ilipoazimia mwaka 2018 kwamba kila amalizaye shule ya msingi aendelee na sekondari, mwalimu mmoja amebebeshwa mzigo wa wawili. Lakini hesabuni basi muda unaopotea kwa kurudia kanuni ile ile kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu, kwa kuwa haikukaa mahali popote! Anayekwepa dakika kumi za sababu hulipa vipindi kumi vya marudio. Na mtihani wenyewe, ambao ndio kisingizio kikuu, hauwapi ushahidi. Katika karatasi za hesabu za KCSE mtahini hatoi alama kwa jibu la mwisho peke yake. Hutoa pia kwa njia iliyofuatwa. Njia ni nini kama si sababu zilizoandikwa kwa mpango?

Wengine hudhani kwamba dawa ni kubadili vitabu. Hilo lilijaribiwa. Mwaka 1962 wataalamu kutoka Afrika, Uingereza na Marekani walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya kile kilichoitwa hesabu mpya. Nia yao ilikuwa hii hii ninayoitetea, kwamba mwanafunzi aelewe. Walakini hesabu hizo zilipofika madarasani mengi, watoto walikariri majina mapya ya seti kama walivyokuwa wamekariri kanuni za zamani, na mwaka 1981 zikaondolewa katika shule za Kenya. Nionavyo mimi, vitabu vilibadilika, lile neno "keti" likabaki.

Mtazame fundi mwashi anapopima msingi wa nyumba. Anatia alama mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili, kisha anasogeza kamba mpaka mkato kati ya alama hizo uwe mita 5 kamili. Hapo anajua kwamba kona ni pembe mraba. Wewe ulikwisha soma jambo hili kwa jina la Pythagoras: tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, jumla 25, ambayo ni tano mara tano. Mwanagenzi aliyekariri "tatu, nne, tano" bila kujua sababu aweza siku moja kufikiri kwamba mbili, tatu na nne pia zitafaa, kwa maana nazo zimefuatana vizuri. Lakini 4 na 9 ni 13, si 16. Kona itakuwa pana kupita kiasi, na nyumba itapinda kabla haijapanda.

Sasa nakuja kwa linaloniwasha zaidi. Ulipopangwa utaratibu mpya wa sekondari ya juu nchini Kenya, kwanza ilikusudiwa hesabu zisiwe za lazima kwa wote. Watu wengi walilalamika, na Aprili 2025 serikali ikatangaza kwamba kila mwanafunzi atazisoma, ila kwa namna mbili: hesabu kamili kwa wafuatao sayansi, teknolojia na uhandisi, na hesabu za mahitaji ya maisha kwa wenzao wa sayansi za jamii na wa sanaa na michezo. Sina ugomvi na namna mbili. Ugomvi wangu ni na yeyote anayedhani kwamba hesabu nyepesi ni hesabu zisizo na sababu, na kwamba mwimbaji au mkimbiaji apewe kanuni chache azimeze aende zake.

Mfikirie mwimbaji huyo amekuwa mtu mzima. Anakopa shilingi 1,000 kwa simu kwa siku 30, na ada ni shilingi 7.50 kwa kila 100. Anaikumbuka kanuni ya riba: zidisha mkopo, kiwango na muda, gawanya kwa 100. Muda ni mwezi mmoja, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya mwaka. Anapata shilingi 6.25, anafurahi. Hakukosea tarakimu hata moja, na jibu ni la uwongo, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba kiwango cha kanuni ile ni cha mwaka, hali ada aliyotajiwa ni ya mwezi. Atalipa shilingi 75. Akiuendeleza mkopo huo, ada ikijumlishwa na deni kila mwezi, baada ya miezi 12 atadaiwa zaidi ya shilingi 2,380. Huyu ndiye tunayesema hana haja ya sababu?

Kwa hiyo, mwanafunzi, kesho mwalimu atakapoandika ubaoni kwamba hasi mara hasi ni chanya, inua mkono kwa adabu uulize kwa nini. Akikuambia uketi, keti. Mwalimu ni mzazi. Kipindi kikiisha, mfuate umwulize tena. Wala usingoje kwa mikono mitupu: mfikirie mtu mwenye madeni matatu ya shilingi tano tano, ambaye wadai wake wamemsamehe yote matatu, kisha utazame mali yake imeongezeka au imepungua.