Springi ya Kifyatulio Haikatwi Mezani pa Chakula

Springi ya kifyatulio cha bastola ni kipande kidogo cha waya wa chuma kinachoweza kufichwa kiganjani. Nchini Marekani, ambako umiliki wa silaha ni jambo la kawaida, wamiliki wengi huibadilisha, huikata au huipinda wenyewe nyumbani ili kifyatulio kiwe chepesi kuvutwa. Mafunzo ya kazi hiyo husambazwa kwa video, nazo hazijui mipaka ya nchi. Mfanyabiashara wa Mwanza au Nairobi mwenye bastola ya leseni anaweza kuzitazama usiku, na kesho yake akaketi mezani na koleo. Koleo hilo lafaa kurudishwa sandukuni. Uzito wa kifyatulio ni suala la afya ya mwenye silaha na ya watu wa nyumbani mwake, na kuupunguza ni kazi ya fundi wa silaha aliyeidhinishwa.

Wanaotaka kifyatulio chepesi wana sababu ya kusikilizwa. Kidole kinapovuta kwa nguvu nyingi, mkono hutikisika na mtutu huacha shabaha. Mzee mwenye ugonjwa wa viungo, au mtu aliyewahi kuumia mkono, huenda akashindwa kabisa kukivuta. Wapo pia wanaodai kwamba risasi inayokosa shabaha ni hatari kwa wapita njia, na dai hilo ni la kweli. Hata hivyo, ukinzani huo ambao mlengaji huuona kuwa kero ndio unaotenganisha kidole kilichokusudia na kidole kilichoteleza.

Watengenezaji huuchagua uzito huo kwa makusudi. Bastola za kawaida za Glock huhitaji nguvu ya takribani kilo 2.5 ili zifyatuke. Idara ya Polisi ya New York iliwapa askari wake kwa miaka mingi bastola zenye kifyatulio cha takribani kilo 5.4, ikitaka kupunguza milio isiyokusudiwa. Uamuzi huo ulikosolewa kwa sababu ulipunguza usahihi wa shabaha. Mvutano huo unaonyesha kwamba hata taasisi yenye mafundi na walimu wake huona ugumu wa kupata kipimo cha kati. Mtu aliye peke yake na koleo hana hata chombo cha kupimia alichokipunguza.

Elimu ya neva na misuli inaeleza kwa nini kipimo hicho kina uzito. Mwanafiziolojia Roger Enoka, katika uchambuzi wake wa mwaka 2003, alitaja hali tatu ambazo vidole hujikunja bila ridhaa ya mwenye mkono: mtu anapopoteza mizani, anaposhtushwa, na mkono wake mmoja unapofanya kazi ya nguvu huku mwingine ukijibana pamoja nao. Anayejikwaa ngazini hufumba mikono yote miwili. Anayeuvuta mlango uliokwama kwa mkono wa kushoto hukaza pia wa kulia. Ikiwa kidole kimeshafika kwenye kifyatulio, tofauti kati ya kushtuka na kuua yaweza kuwa kilo moja ya ukinzani, na kilo hiyo ndiyo inayokatwa mezani.

Watoto nao wanahusika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulipima nguvu ya watoto ya kuvuta kifyatulio kwa vidole viwili. Robo ya watoto wa miaka 3 hadi 4, na asilimia 70 ya wale wa miaka 5 hadi 6, walifikia nguvu ya angalau kilo 4.5. Maana yake ni kwamba kifyatulio cha kawaida hakimzuii mtoto wa shule ya awali. Kilichofanywa chepesi kinamkaribisha hata yule mdogo zaidi. Kabati lenye kufuli ndilo kinga yake, lakini anayepunguza uzito wa kifyatulio huondoa hata kile kizuizi kidogo kilichobaki siku kufuli litakaposahauliwa.

Ufundi wenyewe una mitego. Springi ya kusukuma inayokatwa mzunguko mmoja hupungua mbano wake wa mwanzo, lakini mizunguko iliyobaki huwa migumu zaidi kwa kila milimita ya mwendo; matokeo yake si yale aliyoyatarajia mkataji. Ikisagwa hadi kupata moto, chuma hupoteza unyumbufu wake. Springi ya nyundo ikilegea, nyundo hugonga kwa unyonge na risasi hukataa kuwaka siku inayohitajika. Springi inayorudisha kifyatulio au ndoano inayoizuia nyundo ikidhoofika, bastola yaweza kubaki imeshikilia kwa unywele tu, ikisubiri kuanguka sakafuni.

Kosa kubwa zaidi hutokea kabla springi haijaguswa. Baadhi ya bastola, Glock zikiwemo, humtaka mtu avute kifyatulio ndipo aweze kuzifungua. Anayetoa magazini na kusahau risasi iliyobaki chemba huivuta akiamini kwamba bastola ni tupu. Kwa hiyo hata anayesafisha tu anapaswa kufuata utaratibu bila kuruka hatua: mtutu uelekezwe pasipo mtu, kidole kikae nje ya kikingio, magazini itolewe kwanza, chemba ifunguliwe na kutazamwa, kisha ipapaswe kwa kidole, na risasi zote zipelekwe chumba kingine.

Risasi ikitoka, mkono ulioshika mtutu na paja la aliyeketi huwa karibu mno. Mkononi hupasua mifupa, kano na neva ambazo hata upasuaji mzuri huenda usizirudishe katika kazi yake ya awali. Kwenye paja yaweza kukata ateri kuu ya mguu, na mtu akafa kwa kuvuja damu katika dakika chache, kabla gari halijapatikana. Waliopo wakandamize jeraha kwa kitambaa safi na kwa nguvu zote, bila kuachia ili kuchungulia. Damu isipokoma, wafunge mkanda mpana wa kubana sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya kiungo. Waukaze hadi damu isimame, waandike saa ulipofungwa, na wasiulegeze hadi hospitali.

Mwenye haja ya kweli ya kifyatulio chepesi anazo njia nyingine. Anaweza kuchagua bastola inayolingana na mkono wake, kufanya mazoezi ya mshiko mbele ya mwalimu, na kumwona daktari kuhusu vidole vinavyouma. Pale springi inapohitaji kubadilishwa, apeleke silaha kwa fundi anayetambuliwa na mamlaka iliyompa leseni, aweke ya kiwandani badala ya iliyokatwa, na adai ipimwe uzito na ijaribiwe usalama kabla ya kuichukua. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ofisi ya polisi iliyotoa leseni ndiyo ya kuulizwa fundi huyo ni nani.

Gharama ya fundi huyo na safari ya kumfikia huonekana kubwa kwa kipande cha waya. Wodi ya majeruhi ina hesabu yake: chumba cha upasuaji, chupa za damu, miezi ya mazoezi ya viungo, na mara nyingine mtoto asiyerudi nyumbani.