Nani Atachunguza Kifo cha Uria?



Wapendwa Taifa la Mungu, wiki hii naomba tusome pamoja Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11 na ya 12. Wengi wetu tunazikumbuka sura hizo kwa sababu ya dhambi ya Daudi na mke wa Uria. Mimi nataka tutazame jambo lisilosemwa sana mimbarini, yaani namna taarifa ya kifo cha Uria ilivyoandaliwa. Mfalme aliandika barua ya kumwangamiza mtu, kisha akampa mtu huyo huyo aipeleke. Jemadari Yoabu akatekeleza amri. Baadaye mjumbe akaleta habari rasmi: palikuwa na mapigano makali karibu na ukuta wa mji, askari kadhaa wameanguka, na Uria Mhiti naye amekufa. Mambo yaliyotajwa yalikuwa yametokea kweli, lakini taarifa yenyewe ilikuwa uongo, kwa kuwa ilificha aliyeamuru.

Mjane akaomboleza, na shauri likaonekana limekwisha. Nani angelifufua? Yoabu asingeweza, maana alikuwa mshiriki. Mfalme asingeweza, maana ndiye aliyeua. Mungu akamtuma Nathani, mtu ambaye hakuwa chini ya Yoabu wala hakuwa na jeshi la kulinda jina lake.

Kutokana na somo hilo nasema waziwazi: chombo chenye silaha hakiwezi kuwa mtuhumiwa, mpelelezi na msemaji katika shauri moja. Polisi wanapotuhumiwa kuua, kutesa au kupora, uchunguzi usifanywe na polisi. Nchi yetu imelipia somo hili kwa damu mara nyingi, na bado haijalitungia sheria inayotosha.

Tukumbuke Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, walikamatwa na polisi jijini Dar es Salaam pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa amewabeba. Wote wanne wakauawa kwa risasi. Taifa likaelezwa kwamba waliouawa ni majambazi waliokufa katika mapambano ya kurushiana risasi. Nchi ilikuwa imechoshwa na ujambazi, na habari ya namna hiyo ilikuwa rahisi kupokelewa. Ndugu wa marehemu hawakuipokea. Walipaza sauti, magazeti yakaandika, na Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Tume ikabaini kwamba marehemu hawakuwa majambazi, wala hapakuwa na mapambano yoyote. Walipelekwa katika msitu wa Pande wakiwa tayari mikononi mwa polisi.

Kesi ikaenda Mahakama Kuu. Agosti 2009 washtakiwa wakaachiwa huru, akiwemo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Askari aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua risasi alikuwa ametoroka. Serikali ikakata rufani, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kuachiwa kwa mkuu huyo wa upelelezi, ikamtia hatiani ofisa mmoja. Naheshimu hukumu hizo, na mtu aliyeachiwa na mahakama tusimhukumu sisi barazani. Lakini hesabuni wenyewe: watu wanne waliuawa, miaka zaidi ya 10 ikapita, ofisa mmoja akatiwa hatiani. Haki ilianza kwa kuchelewa, kwa sababu maelezo ya kwanza yalitolewa na watu waliokuwa na sababu ya kuuficha ukweli.

Je, tulijifunza? Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, wilayani Mufindi, akiwa amezungukwa na askari. Picha zilizopigwa pale ndizo zilizofanya ukweli usizikwe pamoja naye. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Januari 2022, mfanyabiashara kijana wa madini aliuawa mkoani Mtwara, na maofisa saba wa polisi wakashtakiwa. Mwezi uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan alisema hadharani kwamba haiwezekani polisi waue kisha polisi hao hao wajichunguze, akaagiza iundwe kamati nyingine. Mwaka 2025 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maofisa wawili.

Basi kanuni ninayoitetea hapa si uchochezi wa padre. Imekwisha kutamkwa na Mkuu wa Nchi. Kinachokosekana ni kuifanya iwe sheria ya kudumu, isiyosubiri huruma ya kiongozi wala ukubwa wa kelele za magazeti. Hadi sasa desturi yetu ni kuunda tume msiba ukishatokea. Iliundwa mwaka 2006. Zikaundwa nyingine baadaye. Ikaundwa tena Novemba 2025, baada ya umwagaji damu uliofuatana na uchaguzi wa Oktoba 29. Lakini anayeuawa peke yake kijijini, bila kamera wala ndugu mwenye sauti, huundiwa tume gani?

Wapo watakaoniambia kwamba tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ni kweli, nayo ni chombo cha Kikatiba. Lakini kazi yake ni pana mno, na uchunguzi wake kwa kawaida huishia kwenye mapendekezo. Wapo watakaosema kwamba Jeshi la Polisi lina taratibu zake za nidhamu. Ni kweli pia. Lakini taratibu za nidhamu ni za mtu aliyechelewa kazini au aliyemtukana mkubwa wake. Kumuua mtu aliyefungwa pingu si kosa la utumishi, ni jinai, na kufukuzwa kazi si malipo ya uhai.

Wengine watasema kwamba tunawavunja moyo askari wanaokesha ili sisi tulale. Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi Stakishari, Dar es Salaam, wakaua askari na kupora silaha. Wajane na yatima wa polisi tunasali nao kanisani. Lakini ni nani anayemvunja moyo askari mwema? Ni yule mwenzake anayeua na kupora akiwa amevaa sare ile ile, akamfanya yeye naye achukiwe mtaani. Askari anayekataa amri haramu anahitaji mahali pa kusemea nje ya mnyororo wa wakubwa wake. Leo asemee wapi, kwa Yoabu?

Tuwatazame majirani zetu wa Kenya. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 na 2008, walitunga sheria mwaka 2011 na kuunda mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, inayojulikana kwa kifupi kama IPOA. Haikuwageuza polisi kuwa malaika. Juni 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake, ambaye alikuwa amewasilisha malalamiko IPOA dhidi ya askari, na dereva wao wa teksi. Mwaka 2022 askari watatu na mtoa habari mmoja walitiwa hatiani. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifia mikononi mwa polisi Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilidai kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha majeraha ya kupigwa na kukabwa shingo. IPOA ikachunguza, na askari wakafikishwa mahakamani. Ona tofauti: uongo wa kwanza ulisemwa kule kama ulivyosemwa huku, lakini kule kulikuwa na mlango mwingine wa kubisha siku ile ile.

Maandiko yanatufundisha hata namna ya kuchunguza. Katika Danieli sura ya 13, Suzana alihukumiwa kufa kwa neno la wazee wawili, na umati ukawaamini kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi. Danieli hakuomba muujiza. Aliwatenganisha mashahidi, akamuuliza kila mmoja ni chini ya mti gani alikoliona tendo, na majibu yakapishana. Chombo tunachokihitaji kifanye hivyo hivyo. Kiwe na wapelelezi wake wenyewe. Kiwe na uwezo wa kuingia kituoni na kuchukua daftari la mahabusu na la kutolea silaha kabla hayajaandikwa upya. Kiwe na daktari asiyepangiwa na mtuhumiwa. Kipeleke jalada moja kwa moja kwa waendesha mashtaka, na taarifa yake isomwe na wananchi.

Tusijifanye kwamba Kanisa halihusiki na somo hili. Katika nchi nyingi, kwa miaka mingi, malalamiko dhidi ya mapadre waliowanajisi watoto yalichunguzwa na wenzao kwa siri, na siri hiyo ikazalisha waathirika wapya. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa hati Vos estis lux mundi, akawalazimu makleri na watawa kutoa taarifa, na kuweka utaratibu wa kuwachunguza hata maaskofu. Kama mavazi matakatifu hayamfanyi mtu astahili kujichunguza, sare haiwezi kumfanya astahili.

Wala hatutafuti kitanzi. Tangu mwaka 2018 Katekisimu inafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Tunatafuta ukweli, adhabu ya haki, fidia kwa yatima, na mkosaji aliyepewa nafasi ya kutubu. Yohane Mbatizaji hakuwaambia askari waliomjia waache kazi yao. Aliwakataza kudhulumu na kusingizia, akawataka waridhike na mishahara yao.

Nasi waamini tuna deni letu. Mara ngapi tumesikia kwamba majambazi watano wameuawa, tukashukuru na kuendelea na chakula? Tangu leo tuulize: walikamatwa wakiwa hai? Nani aliona? Silaha zao ziko wapi? Jumuiya Ndogo Ndogo zisimwache mama aende kituoni peke yake kumtafuta mwanawe. Afuatane na majirani, na waandike tarehe, saa, kituo na jina la askari aliyewapokea. Mtu akifia mikononi mwa polisi, ndugu wasikubali kuharakishwa kuzika kabla ya daktari kuuchunguza mwili mbele ya mtu wanayemwamini. Na mbunge akija kuomba kura au harambee, aulizwe atasimama wapi siku muswada wa chombo huru utakapofika Dodoma.

Kwenu ninyi askari mlio wanangu katika imani nasema: amri ya mkubwa haifuti amri ya tano ya Mungu. Mlioona na kunyamaza, semeni. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na haikuhitaji kibali cha Kaini ili isikilizwe.

Mungu awajalie faraja wote wanaosubiri haki, awape viongozi wetu moyo wa Daudi aliyekubali kukemewa, na atupe sisi ujasiri wa Nathani.

Bwana awe nanyi.