Valvu Ikizibwa, Mapafu ya Nani Yanalipa?



Katika karakana za mashamba ya chai huku magharibi ya Uganda, na bila shaka hata huko kwenu Kenya, Rwanda na Burundi, ipo kazi moja ambayo fundi huimaliza upesi na hakuna anayeiandika kitabuni. Fundi hukata kipande cha bati kwa kufuata umbo la gasketi, hukiweka pale bomba linapotoka kwenye njia ya moshi kwenda kwenye valvu, hukaza boliti, basi. Lori limezibwa EGR. Mkubwa wa usafirishaji anafurahi, dereva anafurahi, na fundi anapewa soda.

Mimi ni fundi. Nimekata mabati hayo kwa mikono yangu, kwa hiyo msidhani naandika kama mtu aliyekaa ofisini.

EGR ni herufi tatu zilizomo katika vitabu vya malori. Ni jina la valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Je, mtu mwenye akili zake arudishe moshi kwenye injini kwa sababu gani? Nami nilicheka siku ya kwanza nilipoelezwa. Lakini sababu ipo. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, ambayo kwa kawaida haina ugomvi na mtu. Moto ukiwa mkali mno ndani ya silinda, naitrojeni hiyo huungana na oksijeni zikawa oksidi za naitrojeni, nazo ni gesi zinazochoma macho na koo, zinazowasha mapafu na kumkaba mwenye pumu. Moshi uliokwisha kuungua hauna oksijeni nyingi. Ukichanganywa kiasi na hewa mpya, moto hupungua ukali, na gesi hizo hupungua pia. Hiyo ndiyo kazi ya valvu, wala haina nyingine.

Tuseme kweli: valvu hii inasumbua. Inarudisha masizi pamoja na moshi, masizi yanaganda kwenye njia ya hewa kama lami, valvu inakwama, lori linakosa nguvu na taa ya injini inawaka. Oili nayo inachafuka mapema. Fundi anayesema kwamba injini iliyozibwa inavuta hewa safi zaidi hasemi uongo. Ndiyo maana ugonjwa huu umeenea kila karakana. Dawa halali ni kuifungua valvu, kuikwangua, kuiosha pamoja na mabomba yake, na kukagua kipoza moshi kama hakivuji maji. Kazi hiyo inakula nusu siku, na katika nusu siku hiyo lori halibebi majani.

Basi hesabu ya mkubwa ni nyepesi: nusu siku ya lori au kipande cha bati.

Jambo lililonidanganya mimi, na ambalo nadhani linawadanganya wengi, ni hili: ukiziba valvu, moshi mweusi unapungua. Masizi ni machache kwa sababu moto ni mkali zaidi. Kila mtu uwanjani anaona ekzosi imekuwa safi na anasema fundi amefanya jambo jema. Kumbe kilichoongezeka ni ile gesi ambayo kwa kawaida jicho halioni inapotoka ekzosi. Masizi tunayalalamikia kwa kuwa yanachafua kanzu na kamasi zetu. Gesi hii hailalamikiwi na mtu mpaka iwe imekwisha kuingia kifuani.

Niliziba malori matatu kwa amri ya mdomo. "Ziba tu, fundi, majani yanaoza." Baada ya wiki kadhaa, wapakizi wa ghala la chai kavu walianza kusema macho yanawawasha kila lori linaporudi nyuma kuingia ghalani. Mzee mmoja, kiongozi wao, alinijia karakana.

"Mwanangu, umetia nini kwenye malori haya?"

"Sijatia kitu, mzee. Nimeziba tu."

"Basi zibua."

Sisemi kwamba valvu peke yake ndiyo iliyowakohoza. Ghala lile lina mlango mmoja, na injini haizimwi tangu gunia la kwanza mpaka la mwisho. Lakini sikuzibua, kwa sababu anayenipa amri si yule mzee. Hilo bado linaniuma.

Kisha lori moja lilitumwa Mombasa, ambako chai yetu na ya Rwanda na Burundi hupigwa mnada pamoja na ya Kenya. Malori ya siku hizi yana kompyuta, nayo iligundua kwamba moshi haurudi inavyotakiwa, ikapunguza nguvu ya injini. Lori likakwama kwenye mlima wa Timboroa usiku, dereva na utingo wake wakilala barabarani katika baridi. Lililofuata kila mfanyakazi analijua. Nilipewa barua ya kuharibu mali ya kampuni. Nilikatwa thuluthi ya mshahara, iwe kwa miezi mitatu. Nikamtaja aliyeniamuru, naye akasema hakumbuki. Karatasi sikuwa nayo. Kamati ya tawi ilipigania jambo hilo mpaka makato yakakoma mwezi wa pili, na nawashukuru ndugu zangu kwa hilo.

Msifikiri ni sisi tu wa mashamba. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani imeuza magari ya dizeli kama milioni 11 duniani yenye programu ya kudanganya wapimaji: gari likiwa kwenye mashine ya kupimia, linasafisha moshi wake, likiwa barabarani, linaachia gesi zilezile za naitrojeni. Huko Marekani, mhandisi mmoja mwajiriwa alihukumiwa mwaka 2017 kifungo cha miezi 40. Simtetei, alijua alifanyalo. Lakini tazameni jinsi mambo yanavyokwenda: faida hupanda juu, na makosa hutafuta aliyeshika spana.

Wapo watakaouliza kama kuirudisha valvu kutaleta hewa safi pale mizani na ghalani. Haitatosha. Mwaka 2012 yalichapishwa Marekani matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi 12,315 wa migodi minane. Walioshinda miaka mingi katika moshi mwingi zaidi wa mashine za dizeli chini ya ardhi ndio waliokufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Mwezi Juni mwaka huohuo, chombo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kikauweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani, pamoja na tumbaku na asbesto. Huo ni moshi wote, wenye masizi na gesi zake, si jambo la valvu moja. Kwa hiyo lori linalonguruma ndani ya jengo ni adui, liwe limezibwa au halikuzibwa.

Na hapa ndipo mambo mawili yanapokutana. Nini hasa kinachoziba valvu zetu kwa masizi? Ni injini kunguruma bila kazi. Lori la majani mabichi linasimama kituo hadi kituo, linangoja mizani, linangoja karani, linangoja foleni ya kiwandani, na wakati wote huo injini inawaka kwa moto hafifu, moto unaotengeneza masizi. Wachumaji wanasimama na vikapu vyao nyuma yake, wengine na watoto mgongoni. Mwulize dereva kwa nini hazimi. Atakuambia ukweli: betri imekufa na stata inasita, akizima halitawaka tena, naye ndiye atakayetukanwa. Tumefika hapo! Valvu inazibwa na wanawake wanavuta moshi kwa sababu mtu fulani hataki kununua betri.

Wengine hulaumu mafuta. Tangu Januari 2015 nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, jambo jema sana, maana salfa ikichanganyika na unyevu ndani ya kipoza moshi huwa asidi inayokula chuma. Lakini dizeli ya madumu iliyotiwa mafuta ya taa haijui makubaliano hayo, na anayeamua lori lijaze wapi si utingo.

Tawi letu limeandika barua kwa menejimenti likikumbusha kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya za watu wake. Tumedai injini zizimwe pale mizani na ndani ya ghala, betri zinunuliwe, valvu zipewe siku yake ya kuoshwa katika ratiba ya matengenezo, na amri yoyote ya kuziba au kukata kitu kwenye injini iandikwe na kutiwa saini na anayeitoa. Hili la mwisho limewaudhi kuliko yote. Mabati yangu matatu nimeyatoa, nayo yamo kwenye droo ya katibu wa tawi.

Malori mawili yamekwisha kupata betri mpya. La tatu bado linanguruma pale mizani tangu asubuhi mpaka jioni, na dereva wake anasubiri jibu kama sisi.